Mwaka wa Funguo za Watu

Nilikuwa nimemaliza mhadhara, watu wamepiga makofi, mkuu wa kitivo amesimama kunipa mkono, na macho yangu yako kwa mwanamke mmoja tu, safu ya tatu, amevaa kitenge cha kijani na miwani inaning'inia kifuani. Gorette. Mimi nimekaa Ulaya miaka mingi nikifundisha somo ambalo kwa Kifaransa lina jina refu, na kwa Kiswahili nasema tu sheria na uchumi: kwa nini mtu anashika ahadi yake, kuivunja kunamgharimu nini, na ahadi inasimama juu ya nini mahali ambapo hakuna jaji wa kwenda kumlilia. Nimeandika vitabu juu ya hayo. Nimealikwa huku na huku. Siku ile, katika chuo kile kile cha Bunia kilichonilea, nilikuwa nimewaeleza watu wangu utafiti ulionipa jina, na nilitarajia, kwa nini niseme uongo, kubebwa juu juu. Makofi yalipoisha watu walipita mbele ya meza yangu wakisema "félicitations, Profesa," yaani hongera, kisha hao, moja kwa moja mpaka safu ya tatu, kumsalimia Gorette. Mawakili, wazee, mama mmoja anayetembelea fimbo. Walimshika kwa mikono miwili. Walicheka naye. Mimi nilibaki napanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha pangika. Basi nikaona wivu. Umri huu, mvi hizi, na wivu ni ule ule, umekaa pale pale chini ya mbavu, kama mpangaji asiyehama.

Gorette ni jaji sasa, hapo hapo mjini. Alipofika mezani kwangu hakusema félicitations. Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Odile, umekonda. Kesho midi kuja kula kwangu." Akaenda zake na kundi lake. Nilirudi hotelini nimenuna, nikakaa kwenye baraza na chupa ya maji, na kwa kuwa mtu aliyenuna hana kazi nyingine ila kukumbuka, nikaukumbuka ule mwaka. Nilizaliwa wapi, na nani, nani aliolewa na nani, hayo nayaacha, hayatamsaidia mtu. Hata kabila langu silitaji, wala la mtu yeyote humu ndani. Sisi wa Bunia tulitajwa kwa makabila vya kutosha.

Ulikuwa mwaka wa vita, mji umekatika vipande, na kila mtu anajua ni barabara gani si yake. Chuo kilikuwa kinafunguliwa siku ikiwa tulivu na kufungwa siku ikichafuka. Mimi na Gorette tulikuwa wasaidizi wa Profesa mmoja mzee, mwalimu wa mikataba, aliyependa mambo ya uchumi kuliko wenzake walivyoona ni heshima kwa mwanasheria. Tulifanya kazi katika chumba cha kusomea, meza moja ndefu, dirisha limezibwa na ubao kwa sababu ya risasi, na humo ndani kulikuwa na kiti kimoja chenye mgongo na kigoda kimoja. Gorette alikuwa anawahi kufika, kwa hiyo kiti ni chake. Profesa alichemsha chai ya mchaichai koridoni juu ya babula, jiko letu la makaa, akamimina katika vikombe vya plastiki, na nilikuwa naangalia, haki ya Mungu naapa, ni kikombe cha nani kinajazwa kwanza. Leo wanafunzi wangu wakigombania nani atatajwa mbele katika makala, nawahubiria juu ya ukomavu. Wangenijua!

Siku moja, tribinali ikiwa imekwisha fungwa na majaji wamekimbia, Profesa alituuliza huku anapuliza chai yake. "Jaji amepanda ndege. Polisi haiko. Mbona mu soko batu banapatiana bitu, mumoja anasema nitakurudishia kesho, na mwenzake anakubali?" Mimi nilikuwa tayari. Nilitoa waandishi, nilitoa nadharia, nilitoa sababu ya kwanza na vipengele vyake. Profesa alitikisa kichwa kwa adabu. Halafu akamgeukia Gorette, ambaye alikuwa anatafuna mkate, na Gorette akasema, "Sababu kesho yeye pia atakosa chumvi." Basi! Mzee alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Njo ile! Njo ile!" alisema, akipiga meza. Yaani mimi nimesoma mpaka macho yamevimba, na huyu anatafuna mkate anasema chumvi, na chumvi ndiyo inayoshinda. Ningeweza kumvumilia angekuwa mjinga mwenye bahati. Lakini hakuwa mjinga. Alikuwa na akili kunishinda, nami nilijua, na juu ya hayo alikuwa mwema, na hilo ndilo lililonimaliza.

Tuliishi parcelle moja, uwanja mmoja wenye vyumba viwili vya nyuma, ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila neno la kwake na yeye la kwangu. Bomba la maji lilikuwa nje ya uzio. Hapo ndipo habari zote zilipitia, nani amehama, nani amerudi, nani hatarudi. Watu walikuwa wanatoka mtaani kidogo kidogo, wengine kuelekea Boga, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine kwa ndege kama wana mtu wa kuwapandisha. Na nyumba iliyoachwa haikudumu. Kwanza unatoka mlango, halafu mabati, halafu anakuja mtu na bunduki yake anatandika mkeka, na kuanzia hapo nyumba ni yake, nenda ukamshitaki kwa nani? Lakini nyumba yenye moshi haikuguswa ovyo. Wapita njia wakiona moshi jikoni wanasema mwenyewe yupo, wanaendelea mbele kutafuta isiyo na moshi. Ndiyo maana mtaani kwetu kuachiwa ufunguo hakukuwa kuweka chuma mfukoni tu. Ulipaswa kwenda kupika pale, kila siku, uani, watu waone. Tulisema kuwasha nyumba. Na aliyeachiwa funguo alikuwa mtu. Alipopita, watu walimpisha njia bombani.

Wa kwanza alikuwa Mama Masika, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya soko. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nachambua lenga-lenga, jani baada ya jani, mchana kweupe. Nikamwona anaingia uwanjani na mfuko mkononi, kichwani amejifunga kama mtu wa safari. Nikajua. Kila mtu alijua sura ile. Nikapangusa mikono, nikasimama kidogo, hata kiti nikakisogeza. "Karibu, Mama." "Aksanti, mwanangu," akasema, akanipita. Akanipita! Akaenda mlango wa Gorette, na kupitia juu ya ukuta nikasikia, "Basi, chukua. Babula iko chini ya meza. Ile sufuria kubwa usiichezee." Na mlio wa funguo. Akatoka, akanipita tena, akasema Mungu akubariki. Nilirudi kwenye lenga-lenga yangu, nikachambua mpaka shina.

Baada ya Mama Masika wakaja wengine. Katekista na mke wake. Mwalimu wa shule ya msingi. Wengine sikuwahi kuwajua majina. Asubuhi Gorette alikuwa hayupo, ametoka, anazunguka mtaani. Nilidhani anaenda kusali. Jioni kabla jua halijazama mtu anaingia uwanjani na sura ya safari, ananiamkia vizuri, ananipita. Gorette alipigilia misumari ukutani, upande wa pili wa ukuta wangu, na kila ufunguo uliotundikwa niliusikia. Kwa nini yeye? Hakuwa mtu wa pale kuliko mimi. Ametoka Bule, kijiji chao kimechomwa, ndugu zake wametawanyika hata hajui ni wapi. Mimi nilikuwa nakaa mtaa ule muda mrefu kumshinda. Nilikuwa sikopi kitu cha mtu nikachelewa kukirudisha. Sikuwa na kelele, sikuwa na wanaume wa kuingia na kutoka. Nilijipima kila upande kama mama anayechagua nyanya, na sikuona palipooza.

Haikuwezekana mtu mmoja kuwasha nyumba zote hizo, na chakula chenyewe kilikuwa kidogo. Gorette akapata mbinu: tugawe mlo mmoja. Maharagi tunayachemsha kwa Mama Masika, bugali tunausonga kwa katekista, mboga tunaikaangia kwa mwalimu, halafu tunabeba vyote vichwani tunakwenda kula nyumba nyingine, ili hata ile ionekane ina watu. Alisema "siye" toka siku ya kwanza. "Siye tutaanza kwa Mama Masika." Kana kwamba funguo zilikuwa zetu! Nilienda. Nilikuwa na njaa, na pia nilitaka kuona ndani ya nyumba ambazo sikuaminiwa. Nilikaa kwenye viti vya watu. Niliangalia picha zao za harusi ukutani. Kwa katekista kulikuwa na kitanda kimetandikwa shuka jeupe la kufumwa, limevutwa sawa, kama wenyewe wamekwenda misa tu, na mke wake alikuwa ameacha vikombe vimepinduliwa juu ya kitambaa vikauke. Nilisimama pale nikawaza, huyu mama alipopindua vikombe hivi alikuwa anamfikiria Gorette.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa kwa Mama Masika. Maharagi yanachemka, Gorette yuko uani anapuliza makaa, mimi nimeingia ndani kutafuta kijiko. Nikasikia lango linapigwa teke. Vijana wenye bunduki. "Hii nyumba ni ya nani?" "Ya Mama Masika," Gorette akajibu, sauti imetulia. "Iko wapi?" "Iko ndani. Iko naoga." Halafu Gorette, nusu ya kucheka nusu ya kulia, akapaza sauti kuelekea ndani, "Mama! Kuko wageni!" Mimi niko chumbani, mkononi kijiko. Sijui iliyonitoka ilitoka wapi. Ilikuwa sauti ya Mama Masika mwenyewe, nene, ya kivivu, na lafudhi yake ya Butembo. "Wageni gani saa hii? Sijavaa! Kama ni batu ya vitenge warudi kesho! Gorette, kama maharagi imeungua nitakupiga!" Nje mmoja akacheka. "Mama uyu ni mukali," akasema. Wakanyanyua sufuria ya maharagi, ile kubwa, moto moto, wakaishika kwa kitenge kilichokuwa kwenye kamba, wakaenda nayo. Gorette aliingia ndani, tukatazamana, tukaanguka chini tunacheka mpaka machozi, tumeshikana, tunatetemeka. Mchana ule tulikula bugali na chumvi. "Wee Odile," alikuwa anasema kila akimeza tonge, "sijavaa! Eti sijavaa!" Nilimpenda siku ile. Nilijua nimefanya jambo, na nilijua lingetangazwa bombani, na lilitangazwa, na Gorette mwenyewe ndiye aliyelitangaza, na chumvi akaongeza. Kesho yake jioni akaingia mzee mmoja na sura ya safari. Nikasimama. Akanipita.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Profesa. Nilitaka kulalamika, lakini kwa mtu kama yeye hulalamiki, unauliza. Nikamuuliza: watu wanakimbia, hakuna sheria, kila mmoja anamkabidhi jirani nyumba nzima, wanamchagua kwa kipimo gani? Aliweka kikombe chini. "Iyo ni swali," alisema. "Andika." Profesa hakuwahi kuniambia andika. Niliandika kwa hasira, wiki nzima, juu ya kigoda. Na jibu nililiokota bombani, nikiwa kwenye mstari na ndoo yangu, mama wawili mbele yangu wanazungumza bila kujua niko nyuma. "Odile? Ule ni mutu ya ndege," mmoja alisema. "Leo iko, kesho haiko." Kweli baba yangu mdogo alikuwa na kazi kwenye kiwanja cha ndege, na mtaa mzima ulijua kwamba siku yoyote angenipandisha. Hata walipokuwa wananisalimia walikuwa wanauliza, "Weye utaenda siku gani?" Iliniuma, lakini ilinipa pia jibu. Gorette hakuwa na pa kwenda. Bule imeungua, ndege hana. Aliyebakiwa na mlango mmoja tu hawezi kukutapeli, maana mtakutana tu. Nikaandika hivyo. Profesa alisoma amesimama, akasema, "Hii inaweza kukupeleka mbali." Nikaona hata sifa yenyewe ni ya kuniambia niondoke.

Baba mdogo alikuja asubuhi na pikipiki, injini haizimi. Mtaa ulikuwa umechafuka toka alfajiri. Alisema nina muda wa kuchukua mfuko mmoja. Nilitia karatasi zangu, nguo mbili tatu, nikafunga mlango, na nilipogeuka Gorette amesimama pale, mkono ameunyoosha. Hakulia, hakusema pole. "Leta funguo," alisema. Nilikasirika. Nilisema moyoni, hata mimi sasa anataka kunitundika kwenye msumari! Nilitazama kulia na kushoto nione kama kuna mwingine wa kumpa, yeyote, mlevi, mwendawazimu. Hakukuwa na mtu. Nikampa. Akautia kifuani bila kuuangalia. "Nitawasha," akasema. Pikipiki ikaondoka, na nilipopita mbele ya nyumba ya Mama Masika niliona moshi.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wanaoyajua. Profesa aliandika barua, chuo kimoja cha Ubelgiji kikanipokea, karatasi zangu za kigoda zikawa tasnifu, tasnifu ikawa kitabu, na kitabu kikanifungulia milango ambayo sitaihesabu. Profesa alifariki mimi niko huko, sikumzika. Kanuni ya mlango mmoja, ndivyo wanavyoiita wenzangu: mtu anakabidhi mali yake kwa yule asiyeweza kuondoka. Nimeipima kwa wafanyabiashara wa mipakani, kwa wavuvi, kwa wakimbizi wa kambi tatu tofauti, na imesimama. Katika kitabu Gorette anaitwa Bi G., jirani, na kila nilipoandika herufi ile mkono ulikuwa mzito. Wapo watafiti wanaosukumwa na hamu ya kujua. Mimi nilisukumwa na swali la mtoto aliyenyimwa nyama: kwa nini yeye, si mimi? Nimekula mkate wa swali hilo maisha yangu yote. Nikiwa na ofisi yangu, yenye viti vingi vyenye mgongo, theluji inaanguka nje, nilikuwa nafikiri: saa hii Gorette anapita bombani, na watu wanampisha. Sikumwandikia. Ningeandika nini?

Basi kesho yake midi, saa sita mchana, nilikwenda kwake. Nyumba ya matofali, uwanja umefagiliwa, sebule ina kabati la vitabu vya sheria, na kimojawapo ni changu, mgongo wake umepasuka kwa kusomwa. Nilikiona kabla sijakaa. Alikuwa amepika mwenyewe, sombe, samaki wa ziwani wa kukaanga, bugali mweupe, pilipili pembeni kwenye kisahani. Alinipa maji ya kunawa, akaomba Mungu kwa ufupi kama jaji mwenye kesi nyingi, tukaanza kula.

"Jana ulisema muzuri," alisema. "Ile ya mulango mumoja, iko muzuri. Nilisoma kitabu, ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini, Odile, nani alikuambia batu walikuja kunipatia funguo?"

"Kuniambia? Niliona na macho yangu. Mama Masika alinipita mlangoni."

"Alikupita sababu asubuyi nilikuwa nimeenda kwake. Nilimuomba."

"Ulimwomba nini?"

"Funguo." Alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki, polepole. "Nilikuwa naenda nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nilisikia anafunga mizigo, nilienda, nilimuambia, niachie funguo, nitawasha. Wengine walikataa, walinifukuza. Mama Masika alisema weye ni mutoto, utafanya nini? Nilirudi mara ingine. Alichoka na miye, njo akaleta."

Nilitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Asubuhi zile zote! Na mimi nadhani anasali. Nilifikiria wavuvi, nilifikiria kambi, nilifikiria ule mkutano ambapo watu walisimama kunipigia makofi. Sikuwahi, hata siku moja, kuuliza kama alikuwa ameomba. Haikuniingia akilini kwamba kitu kama kile kinaombwa. Mimi nilikaa mlangoni na lenga-lenga yangu, nasubiri kuchaguliwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na kisirani mwaka muzima. Nilijua uko na jaluzi, ile wivu, nilisema itaisha." Akanitazama juu ya miwani. "Haikuisha?"

"Haikuisha," nilisema. "Jana nilikuwa nayo mpaka hotelini."

Akacheka, kicheko kile kile cha kwa Mama Masika, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nikamuuliza lile lililobaki, na safari hii nilijua siulizi kwa ajili ya kitabu. Aliomba kwa nini? Kazi ile ilikuwa ya kumuua. Vijana wale wangeweza kumpiga risasi kwa ajili ya bati la mtu mwingine. Alikuwa anatafuta nini?

Alinisogezea pilipili. "Niliogopa," alisema. "Kule Bule haiko mutu tena. Hapa kila siku nasikia uyu ameenda, ule ameenda. Nikasema mu kichwa, wataenda wote, miye nitabakia na nani? Lakini mutu akiacha funguo yake kwako, atarudi. Ata akikusahau weye, hatasahau mulango yake."

Niliacha kula. Katika vitabu vyangu vyote mwenye nyumba ndiye anayemfunga mlinzi. Nilikuwa nimeishika nadharia miguu juu, kichwa chini. Kumbe mlinzi ndiye aliyekuwa anawafunga wenye nyumba. Msichana yule, peke yake, bila karatasi wala shahidi, alikuwa amechukua rehani kwa mtaa mzima ili urudi. Na hapo hapo, huku machozi yako karibu, Mungu anisamehe, niliona wivu tena, maana wazo lile lilikuwa zuri kuliko langu na ningetaka liwe langu.

"Na walirudi?"

"Walirudi. Wenye walikufa, batoto yao walirudi. Mama Masika alirudi na kelele, eti sufuria yake kubwa iko wapi. Nikamuambia waulize wale wenye walikusikia uko naoga." Alitabasamu. "Ule wa fimbo, jana mu salle ya chuo, ni muke ya katekista. Alikuta vikombe vyake vyote."

Halafu nikauliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, "Na wangu?"

"Iko."

"Nipe, basi."

"Ya kufanya nini? Ile parcelle walivunja zamani, wamejenga depo ya simenti. Hakuna mulango."

"Hata kama. Ni ufunguo wangu, Gorette."

"Sitakupatia."

Alisema hivyo kwa utulivu, sauti ya mtu anayesoma hukumu na rufaa haipo. Nikamwambia nitapanda ndege akinipa, na nitapanda ndege asiponipa, tiketi ninayo, wanafunzi wananisubiri. Na zaidi ya hayo, nimekwisha rudi, si huyu hapa nimekaa mezani kwake?

"Umekuja kufundisha," alisema. "Ile si kurudi." Akachukua kipande kikubwa cha samaki, cha tumboni, chenye mafuta, akakiweka kwenye sahani yangu. "Wote walirudi, Odile. Bado weye."